Makofi kwa Aliyepika

Wiki iliyopita nilipigiwa simu kutoka Kasulu: mpishi wetu wa shule ya sekondari amefariki. Wasomaji wa safu hii wananijua kwa kuhoji kila kitu, kuanzia hotuba za wakubwa hadi ubora wa barabara zetu. Basi jueni kwamba nilianzia kwake. Nikiwa kidato cha pili niliongoza mgomo wa maharage, nikasimama mbele ya shule nzima na kusoma hoja saba kwamba hayakuiva. Kweli hayakuiva. Ila sikuhoji kuni alizoletewa, ambazo zilikuwa mbichi na zimelowa mvua. Yeye akapewa onyo kali, mimi nikachaguliwa kiongozi wa wanafunzi. Sikuwahi kumwomba radhi.

Mwaka juzi alikuja Dar es Salaam kutibiwa macho, ambayo daktari alisema yameharibiwa na moshi. Mimi nilikuwa mwaka wa mwisho chuo kikuu, na nikaona njia rahisi: badala ya kutamka samahani, nitamlisha. Nikampeleka kwenye mgahawa mpya wa vyakula vya Kiasia, uliovuma kwa sababu mwanamuziki mmoja maarufu ni mbia wake. Picha yake ilijaa ukuta mzima, na wateja walipanga foleni kupiga picha nayo huku supu zao zikipoa. Tukaletewa samaki mbichi juu ya wali, pamoja na vijiti. Mzee akavitazama, akaniambia kwa upole kwamba yeye vya namna hiyo huwashia moto. Akaomba maji, akanawa, akala kwa vidole bila haraka, kama mwalimu anayesahihisha mtihani. Kisha akamwita mhudumu.

"Mwanangu, huyu wa ukutani ndiye aliyepika?"

"Hapana, mzee wangu. Huyo huja mara mojamoja."

"Basi niitie aliyepika."

Nikajikunja kitini, nikijua samaki wangu mbichi ameleta balaa. Akatoka mama mmoja mwenye aproni, uso umejiandaa kwa ugomvi. "Kuna tatizo, baba?"

Mzee akasimama, akainama kidogo, akampigia makofi yale ya kwetu Buha, ya taratibu, viganja vimejikunja, tunayomsalimia nayo mtu wa heshima. "Wali wako umeiva vizuri," akasema. "Samaki sijui."

Yule mama alicheka hadi akashika meza. Alisema huitwa mezani mara nyingi, na kila mara ni kugombezwa. Hapo ndipo ningesema langu. Maneno yalikuwa mdomoni kabisa. Nikamuuliza mzee kama atakunywa chai.

Sijaacha kuhoji, na sitaacha. Lakini nimegundua kwamba maswali yangu humfikia upesi aliyeshika mwiko, na mara chache sana hufika kwa aliyeleta kuni mbichi. Tena samahani ni neno la kusema mtu angali anasikia. Haliwezi kufichwa ndani ya sahani ya samaki.

Jumamosi nilifika msibani, baada ya kupishana na malori ya kambi ya wakimbizi ya Nduta njia nzima ya Kibondo. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, na maharage hayakuiva sawasawa. Nikayamaliza yote, nikazunguka nyuma ya nyumba walikokuwa wapishi wakipuliza moto, nikainama, nikapiga makofi. Mama mmoja akainua uso, macho mekundu kwa moshi.

"Kuna tatizo, mwanangu?"

"Hapana, mama. Nimeshiba."