Vumbi Tulilolipokea kwa Nyimbo

Shaka iliyoninyima usingizi majuma yale haikuwa kama yale mabati ya saruji yana sumu. Hilo nililisomea chuoni Mbarara na mtihani wake niliufaulu. Shaka yangu ilikuwa hii: nataka kumwokoa mama yangu na majirani zake, au nataka tu kumwona yule tajiri akifedheheka mbele za watu? Na kama ni vyote viwili, kipi kinaongoza? Mimi hujihoji namna hiyo hata ninaponunua nyanya. Lakini safari hii kila nilipojiuliza, jibu lilikuwa lilelile, na halikunipendeza. Nilitaka afedheheke.

Mara ya kwanza kumwona ilikuwa Mbarara. Nilikuwa nimehitimu, natafuta kazi, nimepanga chumba kinachotazamana na bweni kuukuu alilolinunua ili alibomoe ajenge maduka. Paa lake lilikuwa la asbesto, yale mabati mazito ya kijivu ambayo ndani ya saruji yake mna nyuzi nyembamba kuliko unywele. Yakiwa mazima huko juu, hayana ugomvi na mtu. Yakivunjwa au kusagwa, nyuzi zinapaa, zinaingia kifuani na hazitoki. Yeye alilijua hilo. Vibarua wake aliwavalisha barakoa na ovaroli, mmoja akimwagia maji kila bati kabla halijateremshwa. Mwenyewe alitazama kutoka ng'ambo ya barabara, upande wangu, vioo vya gari amevipandisha.

Kisha nikamsikia kibarua mmoja akimweleza muuza chapati kwamba mzigo ule hautupwi ovyo. Lazima uzikwe mahali maalumu, gharama ni kubwa, na bosi amekasirika. Wiki iliyofuata uwanja ulikuwa mtupu.

Nilikuja kuyakuta nyumbani. Sisi ni Wakongo wa Kivu Kusini, tuko kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale tangu nikiwa mgongoni mwa mama. Mabati yalikuwa yamepangwa nyuma ya kanisa letu. Tajiri aliyaleta kama sadaka kwa wakimbizi, kwaya ikamwimbia, akarudi na mbuzi wa shukrani ndani ya lori. Mazima yalisubiri kuezeka darasa la watoto wadogo. Yaliyovunjika waligawana akina mama.

Hapo wakafanya jambo ambalo hakuna kitabu changu kilichowahi kunionya juu yake. Kwetu, kabla ya sikukuu, nyumba ya udongo hupakwa upya kwa udongo mweupe, na ukuta ukipasuka mapema mwenye nyumba huchekwa. Mama aligundua kwamba vipande vile vikitwangwa na kuchanganywa na udongo, ukuta haupasuki. Akawafundisha wenzake. Nilimkuta kwenye kinu, vumbi la kijivu limemkaa hadi kwenye kope, na jirani yake anachekecha kwa chekeche la unga wa muhogo.

"Mama, acha! Weka mchi chini!"

"Ee, hata salamu hakuna," akasema. "Njoo kwanza uone ukuta. Hauna hata ufa moja!"

Niliwaeleza. Nilisema ugonjwa wenyewe hauanzi leo, unalala kifuani miaka ishirini, thelathini, ndipo pumzi inaanza kukatika, au inakuja kansa.

Jirani alicheka mpaka akakaa chini. "Miaka makumi tatu! Batu ya vita balishindwa kuniua, njaa ilishindwa, sasa vumbi inanipatia miaka makumi tatu? Iambie aksanti, imenipa siku mingi!"

"Huyu mutoto wangu alisoma mingi," mama akamwambia, nusu kwa fahari, nusu kwa kunisuta. "Sasa anaogopa mpaka ukuta."

Kisasi kiliingia wakati wakicheka. Nilielewa alichokitegemea yule mtu. Siku ugonjwa utakapokuja, yeye atakuwa amezeeka ndani ya utajiri wake au amekufa kwa amani, na mama yangu atakosa pumzi akidhani ni uzee. Kama ni kulipa, ilibidi alipe sasa, kabla hajapatikana hata mgonjwa mmoja.

Nilimwaga maji kinuni, nikaufunga ule unga uliolowa ndani ya plastiki. Nilimwomba mama asiukwangue ukuta wala asifagie pakiwa pakavu, apake tope jipya juu yake. Alifanya ili ninyamaze. Nikaenda kuripoti Base Camp, kwenye ofisi za makazi yetu, nikaambiwa watatuma mtu. Kabla huyo mtu hajafika, likatangazwa kanisani kwamba Jumapili tajiri anakuja na lori la pili la mabati.

Nilimfuata Mbarara. Alikuwa kwenye ujenzi wa maduka yake mapya, anaelekeza mafundi.

"Nyabo, unatafuta kazi?" akauliza, akiniita bibi kwa lugha ya kwao.

"Natafuta kujua kwa nini umetupa asbesto kwa watu wetu Nakivale."

"Kutupa? Mimi nilipea nyinyi bure. Pasta yenu aliombea mimi."

"Vibarua wako walivaa barakoa."

"Ile ni watu yangu," akasema, bila hata kusita. "Na kule kwenu, iko mgonjwa? Moja tu? Lete yeye hapa."

Alijua sina wa kumletea. Akawageukia mafundi wake.

Njia nzima ya kurudi, tukipita Masha na ng'ombe wake wenye pembe ndefu, nilipanga maovu. Nitaupuliza ule unga ndani ya gari lake. Nikamkumbuka dereva. Nitaumwaga chini ya meza yake. Nikamkumbuka mfagiaji. Kila kisasi nilichobuni kilikuwa na mtu mwingine ndani yake akipumua.

Ilibaki njia moja. Kanisani kwetu ushuhuda haukatizwi. Mtu akishasimama akasema Bwana asifiwe, hata mchungaji hamkalishi. Tumewahi kumsikiliza mlevi akishuhudia mpaka usingizi ukamchukua. Jumamosi nililowesha bati moja zima, nikalifunga kwa plastiki, nikalilaza peke yake katika uwanja wa kanisa, kati ya mlango na barabara. Maswali yakaanza. Vipi nikimwambia tajiri alivunje, naye akubali? Vipi mama akiaibika? Na watoto, ambao darasa lao ni turubai lililochanika, wakinyeshewa kwa sababu yangu?

Jumapili lori lilisimama nje limejaa. Tajiri aliketi mbele, kwenye kiti kilichotandikwa kitambaa cha kufuma. Mchungaji akauliza nani ana ushuhuda. Nikasimama.

"Bwana asifiwe."

"Amina!"

"Nina ushuhuda juu ya mgeni wetu."

Wakapiga makofi. Yeye akainua mkono kuwapungia. Nikasimulia barakoa, maji, vioo vya gari, na maneno "ile ni watu yangu". Makofi yalikuwa yamekwisha zamani. Mchungaji aliinuka nusu, akaitazama madhabahu, akaketi tena.

"Msiniamini mimi," nikasema. "Bati liko pale nje. Mgeni wetu, toka peke yako ulivunje, ulitwange kwenye kinu kama mama yangu alivyotwanga. Ukifanya hivyo nitapiga magoti hapa nikuombe msamaha."

Aliangalia saa. "Huyu musichana anasumbua sisi," akamwambia mchungaji.

"Hapana, baba, ni kazi kidogo tu," akasema yule jirani yetu aliyecheka. Sasa hakuwa akicheka. "Twanga. Miye nilitwanga."

"Twanga, baba," akasema mama.

Alitoka. Bati lilikuwa limelowa na limefungwa, halingeweza kumdhuru, na bado alilizunguka kwa mbali akielekea kwenye lori, na kanisa zima likamwona akilizunguka. Nilisubiri huruma inijie. Haikuja.

Dereva akawasha lori. Hilo nililifikiria tangu Jumamosi: likiondoka, litamwaga mzigo korongoni upande wa Rugaaga, na huko nako kuna akina mama wenye vinu. Nikatoka mbio, nikaketi chini mbele ya gurudumu. Mama akaja akaketi kando yangu, kisha jirani, kisha kwaya, na sare zao.

"Ondokeni! Nitaita polisi!" tajiri akapiga kelele.

"Ita," nikamwambia. "Ita na watu wa Base Camp. Tutawangoja wote, na wewe utangoja nasi hapa juani."