Mikono Isiyonawishwa

Je, unaweza kumchukia mtu kwa sababu ya sabuni na taulo?

Velichko aliweza. Kila Januari ilipofika alimchukia Nedyalka kwa moyo mmoja, ilhali mwanamke huyo ndiye aliyeelewana naye kazini kuliko wote. Wawili hao ndio waliokuwa wakunga wa hospitali ya mkoa. Wa tatu wao alikwenda zake Ujerumani kuwaogesha wazee wa watu kwa mshahara wa kueleweka, na hakuna aliyemnyooshea kidole. Mji ule wa chini ya mlima ulikuwa umezoea kuaga. Palipokuwa na kiwanda cha viatu sasa pana duka la kamari, na ng'ambo ya barabara pana jingine, ili aliyeliwa hapa akajaribu pale.

Velichko alikuwa pande la mtu, mwenye masharubu yaliyomfunika mdomo wa juu na viganja vipana ambavyo wanawake walinong'onezana kwamba vina joto hata barafu ikiwa imeganda dirishani. Ujanani alikuwa mbeba machela kwenye gari la wagonjwa. Siku moja theluji iliwakwamisha mlimani, mwanamke akajifungulia garini, na mtoto akaangukia mikononi mwa Velichko akiteleza kama samaki. Kijana akashuka mlimani akiwa mtu mwingine. Akaenda kusomea ukunga. Mama yake, Dobra, alilia kwa aibu, kisha akafuta machozi na kumfumia soksi za kuvaa zamu.

Mji ulicheka weee, mwishowe ukachoka. Wanawake wenyewe hawakuwa na neno. Uchungu hauna muda wa kuuliza aliyekushika mkono ana masharubu au hana. Kejeli za wanaume wa baa aliziweza. Alikuwa akiwajibu kwamba kila mmoja wao alitoka alikotoka na hakuna aliyeshuka kwa lifti. Kilichomshinda ni siku moja tu ya mwaka.

Katikati ya majira ya baridi, nchi ile ina siku ya wanawake na mkunga wao. Kila mwanamke aliyejifungua mwaka huo huja na sabuni mpya, taulo jipya na kata ya maji. Humwagia mkunga maji mikononi, naye mkunga akiisha kunawa huruka juu awezavyo, maana mtoto atarefuka kwa kadiri ya mruko huo. Kisha hutupiwa taulo begani, huvishwa shada la pilipili nyekundu zilizokaushwa, huketishwa kwenye sleji, kigari cha thelujini kisicho na magurudumu, na kuburuzwa hadi mtoni kwa kodiani na nyimbo za matusi ambazo siku nyingine zingewavunjia ndoa. Hakuna mume, hakuna baba mkwe. Mwanamume akithubutu kupita njiani hunyang'anywa kofia, na kofia hiyo hupelekwa kwa mkunga mpaka mwenyewe aikomboe kwa divai.

Na siku hiyo mkunga haitwi kwa jina lake. Huitwa baba. Usicheke, msomaji; kwa ulimi wao baba ni bibi, mwanamke mwenye mvi, na pia ni yule aliyekupokea ulipotoka tumboni. Kila mtoto ana baba yake wa namna hiyo mpaka kufa. Velichko angezaliwa ndani ya lugha yetu, nusu ya watoto wa mji wangemwita baba na hakuna ambaye angegeuza shingo. Lakini kule, kumwita mwanamume baba ni sawa na kumfunga kanga kiunoni. Kwa hiyo wanawake aliowazalisha yeye walikuwa wakimletea chokoleti sikukuu ya Krismasi, kisha Januari wanakwenda kumnawisha Nedyalka kwa niaba yake. Yeye hubaki wodini kushika zamu, akiisikia kodiani ikididimia kuelekea mtoni, na moyo wake ukididimia nayo.

Mwaka huo ulikuwa na uchungu wake wa ziada. Wakubwa wa mji mkuu walikuwa wameamua kwamba wodi ya wazazi itafungwa majira ya kuchipua, kwa kuwa watoto wanaozaliwa ni wachache. Mtu angeweza kuwauliza: mwanamke azae vipi katika mji ambao mkunga wake anafukuzwa? Hawakuulizwa. Walikuja, wakakagua vitanda, wakala nyama ya kuchoma kwa mganga mkuu, wakaondoka. Basi siku ya kunawisha iliyokuwa ikija ndiyo ya mwisho. Asiyenawishwa mwaka huo hanawi tena.

Na Velichko alikuwa ameahidiwa.

Wakati wa vuli alimzalisha Gergina, muuza mikate wa karibu na stendi, na uzazi ule ulikuwa mgumu. Alikaa naye kutoka uchungu wa kwanza hadi binti alipolia. Gergina, jasho likimtiririka, alimshika masharubu, naam, masharubu, akamwambia, "Kaka Velichko, mwaka huu nakunawisha wewe. Waache waseme."

Aliliweka neno hilo kifuani kama mtu anavyoficha kaa la moto. Hakumwambia hata mama yake. Usiku wa baridi alikuwa akijaribu mruko sebuleni, polepole, ili majirani wa chini wasigonge dari.

Siku chache kabla ya sikukuu alipita dirisha la duka la nyuzi, akamwona mama mkwe wa Gergina akichagua uzi mwekundu. Mkononi alikuwa na taulo jeupe, na pembeni mwa taulo herufi ya kwanza ya jina la Nedyalka ilikuwa imeshadariziwa nusu. Velichko akaingia, akajifanya anataka vifungo, akauliza kama taulo hilo ni la Gergina.

"La nani tena?" mama yule akasema. "Alikuwa na wazimu wake eti akunawishe wewe. Nikamwambia, mwanangu, unataka binti aote ndevu? Usinikasirikie, Kaka Velichko. Wewe ni mtu mzuri. Ila ndevu ni ndevu."

Alitoka na vifungo ambavyo hakuvihitaji. Njia nzima hakumfikiria Gergina wala mama mkwe wake. Alimfikiria Nedyalka. Alikumbuka anavyonawa: huinua vidole juu, taratibu, kama malkia anayesubiri pete. Alikumbuka mwaka jana alivyorudi wodini na shada lake la pilipili, amelewa kidogo, mataulo yamemjaa mikononi, akamwambia, "Kaka, nimechoka kuheshimiwa." Alikuwa anatania. Kwa mwenye kijicho hakuna utani. Kila neno ni mwiba. Wakati huo alicheka naye. Sasa neno lile lilirudi likamchoma.

Akasema moyoni, kama mimi sinawi, hanawi mtu.

Ilikuwa ni desturi yao, bila ya kuandikiana, kwamba siku hiyo yeye anashika zamu ili Nedyalka aende. Asubuhi ya sikukuu Velichko akapiga simu hospitali, akaibana pua, akasema ana homa.  Nedyalka, upande wa pili, akamwambia anywe chai ya ndimu na asitoke nje. Sauti yake haikuwa na kisirani, na hilo ndilo lililomkera Velichko zaidi.

Mama Dobra alimtazama mwanawe akila pai ya jibini kipande baada ya kipande. Akasema homa ya siku hizi ina hamu ya kula.

Mpaka adhuhuri raha ilikuwa kamili. Aliuwaza ukumbi wa wanawake, kabichi ya chumvi imepangwa mezani, soseji zinapoa, na kiti cha mkunga kitupu. Kisha kodiani ikasikika. Haikwenda upande wa mto. Ilipanda kilima, ikipita chini ya dirisha lake, kuelekea hospitali. Wanawake walikuwa wameiburuza sleji tupu, wamepakia sufuria, chupa na sabuni zao, na mbele kabisa Gergina amembeba binti yake ndani ya koti.

Velichko angeketi. Mtu mwenye akili angeketi. Lakini wivu hauketi. Alivaa kofia ya manyoya ya kondoo iliyokuwa ya marehemu baba yake, akashuka, akawafuata kwa mbali akijibanza kwenye kuta, jitu zima linanyatia kama paka wa jirani.

Hawakuruhusiwa kupanda wodini wote. Kwa hiyo Nedyalka alifungua dirisha la ghorofa ya chini, lile la chumba cha kupokelea wagonjwa, akatoa mikono nje kwenye baridi, na wanawake wakapanga foleni thelujini. Kata zikainama moja baada ya nyingine. Maji yalitoa mvuke. Velichko alitoa kichwa nje ya nguzo ya lango ili aone vizuri, aone tu, na hapo ndipo mkono wa mtu ulipomvua kofia.

"Mwanamume!" mmoja akapiga kelele kwa furaha, na dakika hiyo hiyo wote wakamtambua.

Kicheko kikaanza, kikakatika. Maana kila mmoja alishaambiwa kwa nini Nedyalka hakuja ukumbini. Velichko alisimama kichwa wazi, masikio yamemwiva. Gergina aliinamisha macho, akamfunika binti vizuri ingawa alikuwa amefunikwa. Mtu akaipitisha kofia juu ya vichwa mpaka dirishani, kama desturi inavyotaka, na Nedyalka akaipokea kwa mikono inayochuruzika maji.

"Homa imeshuka, Kaka?" akauliza.

Velichko akajipapasa kichwa kilichokuwa wazi.

"Njoo hapa karibu. Sitaki kupayuka."

Akaenda. Wanawake wakampisha, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko matusi. Nedyalka aliinama dirishani mpaka uso wake ukakaribia wake. Mikono yake ilikuwa myekundu kwa baridi, imepasuka kwenye maungio kwa sababu ya dawa za kuoshea, na shada la pilipili lilikuwa linaning'inia nje likigonga ukuta.

"Unanionea wivu kwa hili?" akasema. "Sabuni ya dukani na matambara? Nikuambie kitu, na usiniingilie. Kila ninapoingia leba na mwanamke amekamatwa na uchungu, unajua ananiambia nini? Hata habari ya asubuhi hanipi. Anauliza, Velichko yuko wapi. Miaka yote hii. Velichko yuko wapi. Nawapokea watoto wao huku wanachungulia mlango nyuma yangu. Halafu Januari wananimwagia maji kwa sababu wewe huna sketi. Sasa niambie nani amuonee wivu nani."

"Sikujua," Velichko akasema.

"Ungejuaje? Ukishaingia wewe, hawaulizi."

Akafunga dirisha. Kofia ilibaki ndani. Velichko hakuwa na divai ya kuikombolea, wala uso. Alishuka kilima kichwa wazi, theluji ikimtua kwenye upara, na kitu cha ajabu kikamtokea: badala ya kijicho kupungua, kiligeuka upande. Alikuwa amezoea kuwa mwenye kunyimwa. Nafasi hiyo aliimiliki peke yake, akailima na kuifuga. Sasa Nedyalka naye ana haki ya kukaa hapo, tena pengine kwa haki kubwa zaidi, na Velichko akaona amepokonywa hata donda lake.

Kesho yake asubuhi alifika zamu kabla ya wakati. Ngazi za upande wa mashariki zilikuwa baridi kama pango. Shangazi Tonka, mfagiaji, alikutana naye akiwa na koti juu ya sare, akamwambia bomba la joto lilipasuka alfajiri, mafundi wamepigiwa simu, mafundi wamesema watakuja. Na juu ya hilo, akasema, akaja mwanamke kutoka vijiji vya juu, mimba haijatimia, akajifungua kabla hata hajavuliwa viatu. Kitoto kama ngumi. Kizima lakini.

Velichko alisukuma mlango wa wodi polepole.

Nedyalka alikuwa amelala kwenye kiti cha chuma kando ya kitanda, kichwa ukutani, mdomo wazi, mikono imelegea mapajani na viganja juu. Amejifunika mataulo mapya, yote aliyopewa jana, moja juu ya jingine, na herufi nyekundu ya jina lake ilikuwa begani. Mama mzazi alikuwa macho. Kifuani mwake, chini ya mablanketi, kimelala kitoto kimefungwa vizuri katika flaneli, na kuanzia kiunoni kwenda chini kimetumbukizwa ndani ya kofia ya manyoya ya kondoo. Kilienea chote miguu na makalio, na nafasi ikabaki.

"Wewe ndiye Velichko?" mama akanong'ona.

Akatikisa kichwa kukubali.

"Nilikuwa naulizia uko wapi. Mama yangu alinipa jina lako, alisema nisikubali mwingine. Nikapiga kelele, Velichko yuko wapi, Velichko yuko wapi. Huyu dada akatoka, akaniletea kofia. Akasema, huyu hapa, sukuma sasa."

Velichko alisimama pale na koti lake, akaitazama kofia ya baba yake ikipanda na kushuka kwa pumzi za mtoto asiyemjua. Alikuwa amemwonea wivu Nedyalka, akawaonea wivu wanawake wote wa mji na bibi zao. Hakuwahi kudhani kwamba ataionea wivu kofia.

Mguu ukapiga teke ndani ya manyoya. Kofia ikateleza taratibu, ikaanguka sakafuni, na Nedyalka, macho bado yamefumba, akanyoosha mkono hewani kuitafuta.