Kopo Zito la Mfaume Mwishehe

Mfaume Mwishehe alikatwa vidole viwili kwa shoka siku ya Jumanne, kwa ajili ya kopo lisilozidi ukubwa wa chupa ya chai. Lakini ngoja nianze na yeye mwenyewe, maana ukimjua ndipo utakapojua kwa nini hakuliachia.

Ni mzaliwa wa Kisarawe, umri miaka hamsini na minne, dereva tangu ujana wake. Amebeba mihogo, amebeba mchanga, amebeba na maiti. Shule aliishia darasa la saba. Miaka mitatu iliyopita alipata kazi kwenye maabara moja ya utafiti kule Pangani, Kibaha, na kwa vile ni mtu wa kuuliza, alimganda fundi wa maabara, Marselina, mpaka akaelewa anachobeba.

"Mwilini mwako mna askari wadogo wanaoitwa kingamwili," Marselina alimwambia. "Kila askari anamjua adui yake kwa sura. Sisi tunamchukua anayeijua saratani, tunampunguza mpaka anakuwa chembe ndogo mno, halafu tunamtwika mionzi mgongoni. Mgonjwa akichomwa sindano, askari anakwenda kuikumbatia saratani popote ilipojificha. Kamera inaiona ile mionzi. Hapo adui kaumbuka."

"Na askari mwenyewe mnampata wapi?"

"Asili yake damu ya ngamia."

"Ala! Kumbe kila wiki napakia ngamia na sina habari."

Walicheka. Lakini mzigo wenyewe haukuwa wa mchezo. Nguvu yake hupungua nusu kila baada ya saa sita, ukiwa barabarani au umelala kabatini, hauna subira na mtu. Ndiyo maana Mfaume hakuwa akisimama njiani hata kununua muhogo wa kuchoma.

Jumanne hiyo mzigo ulikuwa wa Raudha, muuza vitumbua wa stendi ya Kisarawe, mama wa watoto watatu. Ana saratani ya titi. Daktari Lusajo, anayefanya majaribio ya dawa hii katika hospitali ya Kisarawe, alitaka picha moja tu: kama saratani haijatoka titini, Jumatano asubuhi anakatwa titi, kama imeshatoka, kumkata ni kumtesa bure. Wiki mbili nyuma gari la Mfaume lilinasa kwenye tope katika njia ya vumbi ya kutoka Kiluvya, mzigo ukafika umepoa, picha ikawa giza tupu. Safari hii daktari alisema wazi: "Mzee Mfaume, mwisho saa saba mchana. Ukipita hapo namkata kwa kubahatisha."

Sasa sikiliza balaa lilivyoingia. Siku ile ya tope, kijana mmoja aitwaye Bilali alisaidia kusukuma gari. Alilishusha lile sanduku la chuma lenye kopo ndani, akashangaa. Kitu kidogo, kizito kama gunia! Hakujua kwamba kopo limetengenezwa kwa madini ya risasi, nene kama kiganja, ili mionzi isitoke ila kidogo sana. Alichokiona ni ile alama ya onyo la mionzi, ya njano yenye mabawa matatu meusi. Na Bilali, kama vijana wengi wa huko, ujana wake wote ameumalizia kuchimba mashimo akitafuta mali ya Mjerumani, dhahabu na rupia zinazosemwa kufukiwa tangu enzi za vita. Alama ngeni, uzito usioelezeka, mzee anayekataa kusema amebeba nini. Kwake hesabu ilikuwa imekamilika, ikabaki kulivizia gari lipite tena.

Mzigo ulifungwa saa moja asubuhi, Mfaume akaondoka saa mbili. Taratibu zinataka watu wawili garini, lakini msindikizaji aliamka na homa. Saa tatu na nusu, katikati ya msitu, alikuta gogo limelazwa barabarani. Kabla hajarudisha gari nyuma, jiwe lilipita kwenye kioo cha mbele likamgonga kifuani. Walitoka vichakani watatu. Mmoja alivunja simu yake kwa kisigino. Mwingine alimvuta kwa kola na kumpiga rungu la bega la kushoto, mfupa ukalia.

"Toa mali, mzee," alisema Bilali. Alikuwa na shoka.

"Mali gani, wanangu? Hiyo ni dawa ya mgonjwa."

"Dawa inakuwa na uzito ule? Usituone wa kuja."

Walimburuta yeye na sanduku ndani ya msitu, wakavunja kufuli, wakatoa kopo. Kifuniko kilikuwa cha kuzungusha na kilifungwa kwa kifaa maalumu, hakikutoka. Wakampiga tena. Walimpiga mateke ya mbavu mpaka akatapika chai ya asubuhi. Hapo Mfaume akakumbuka kimashine cha kupimia mionzi kilichokuwa mfukoni mwake, akaona ndiyo salama yake.

"Subirini niwaonyeshe. Hii hulia penye hatari tu."

Akakiwasha, akakisogeza kwenye kopo. *Tik. Tik-tik. Tiktiktiktik.*

Vijana walitazamana. Kisha wakashangilia, mmoja akaruka juu kabisa.

"Imelia! Si mnasikia? Imelia!"

Lahaula! Mfaume hakujua kwamba wachimbaji wa mali hukodi mashine za kutafutia dhahabu, na mashine hizo hulia vilevile zinapofika juu ya madini. Alichokitoa ili kuwatisha ndicho kilichowathibitishia. Tangu hapo hakuna neno lake lililosikika. Walilitwanga kopo kwa mawe, wakalisigina, wakagombana nani apige. Saa zilikwenda. Ilipokaribia saa sita Bilali alilisimamisha juu ya kisiki na kuinua shoka kwa mikono miwili.

Ndani mlikuwa na kichupa cha kioo chenye dawa. Mkono wa kushoto wa Mfaume ulitangulia kabla ya akili. Shoka lilishuka, likachukua vidole viwili vya mwisho na kuponda cha kati, likateleza pembeni mwa kopo.

Ukelele wake ndio uliowaleta wachoma mkaa. Walikuja kumi na zaidi, mapanga mikononi, wakipokezana neno moja: "Mwizi! Mwizi!" Wenzake Bilali walipotea msituni. Yeye alirudi kulichukua kopo, na lile lilikuwa kosa. Rungu la kwanza lilimkalisha chini, la pili likamlaza. Mawe yakafuata. Alijikunja kama jongoo, kopo tumboni, damu ikimtoka masikioni. Baadhi ya wachoma mkaa wakakimbilia gari, wakafungua tairi la akiba, mmoja wao mwenye bodaboda akaanza kufyonza petroli ya pikipiki yake kwa mpira.

Mfaume alifunga mkono kwa shati, akatambaa mpaka kwa Bilali.

"Niachie kopo, kijana. Wanakuchoma."

Bilali alifumbua jicho moja. "Tugawane nusu, mzee."

"Haki ya Mungu huyu kichaa!" alisema mwanamke mmoja mwenye panga. Jina lake Mwanamkuu.

"Dada yangu, humu mna dawa ya Raudha," Mfaume akamwambia, sauti ikikatika. "Raudha muuza vitumbua pale stendi. Isipofika saa saba wanamkata ovyo."

"Raudha yupi? Huyu wetu, anayetukopesha?"

Hakungoja jibu. Aligeuza panga, akampiga Bilali kwa mgongo wa panga kwenye kifundo cha mkono, mara moja, *ka!* Kopo likabingirika. Tairi lilikuwa limeshafika, petroli inanuka.

Mfaume alisimama. Mkono wa kulia ulikuwa mzima, wa kushoto ulikuwa nyama. Gari lake ni la gia za mkono, na gia iko kushoto.

"Nani hapa anajua kubadili gia?"

Mwenye bodaboda akasema, "Mimi pikipiki tu, mzee." Na chini mavumbini ukainuka mkono uliovimba.

"Mimi nilikuwa utingo wa lori la Fuso, gia nazijua," alisema Bilali.

Kuna waliocheka, kuna waliotukana. Mmoja alisema achomwe kwanza, gia baadaye. "Mkimchoma mmemchoma na Raudha," Mwanamkuu aliwakaripia. Wakamfunga miguu kwa kamba ya magunia, wakamtupa kiti cha abiria kama gunia la mkaa, wakaliondoa na gogo barabarani.

Saa sita na dakika kumi. Waliondoka bila kioo, upepo na vumbi vikiwaingia vidondani.

"Tatu!" Mfaume aliita akikanyaga klachi.

Bilali akasukuma, akalia kwa maumivu.

"Mbili! Mbili nimesema, kilima hicho!"

"Mkono umevunjika, mzee!"

"Na wangu uko wapi? Tia mbili!"

Mbele kidogo Bilali aliuliza taratibu, "Kwa hiyo si dhahabu?"

"Si dhahabu."

"Mbona mashine ililia?"

"Ililia kwa sababu ndani mna mionzi. Ungelivunja lile kopo ungejipaka mikononi, na ungewapelekea watu wa nyumbani kwako. Tia tatu."

Bilali akatia tatu, akaendelea kubadili gia mpaka Kisarawe.

Daktari Lusajo alilipokea kopo mlangoni, limebonyea, lina damu. Saa saba kasoro dakika nne. Alilipima huku Mfaume ameegemea ukuta. "Nguvu yake inatosha," akasema, na Mfaume akaanguka.

Polisi walimchukua Bilali akiwa na bandeji. Mfaume alishonwa, kidole cha kati nacho hakikupona. Jioni Raudha alikuja mpaka mlangoni pa wodi, akasimama mbali, kwa kuwa mionzi ilikuwa bado mwilini mwake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Wameona nini?"

"Imeshatoka. Iko mbavuni, mahali pawili." "Hawanikati tena. Daktari anasema askari yuleyule atarudi na mionzi mikali zaidi, aiunguze hukohuko ilipo. Hana uhakika kama nitapona. Ila kesho kisu hakuna."

Mfaume alitazama mkono wake uliofungwa, kisha akamtazama yeye.

"Umekula?"

"Bado."

"Nenda ukale, mama. Watoto watakuwa wanakungoja."

Raudha hakwenda. Aliketi palepale mlangoni, hatua sita kutoka kitandani, akakaa naye mpaka mzee alipolala.