Matofali Matatu Yenye Masizi

Yule mpiga picha wa Tororo alikuwa na tabia ya kuomba radhi hata kwa vitu. Enzi hizo za Waingereza alikuja kwetu Masaba kwa baiskeli, kamera ameifunga mgongoni kwa kanga kama mtoto mchanga, kupiga picha tanuru la matofali ambalo Mzungu mmoja alilihama, nyasi zikaota mpaka mlangoni. Kabla ya kupiga, alikipuliza kioo cha kamera, akakifuta kwa ncha ya kanga, akasema polepole, "Samahani," utadhani ukuta umelala. Watoto tulicheka, nakumbuka vizuri. Wakubwa hawakucheka, walisema katumwa na serikali kuwasaka waliochukua matofali ya tanuru hilo.

Mama yangu, Taaka, mwanamke asiyemwinamia mtu, aliipua chungu cha maharage, akang'oa yale matofali matatu aliyoyafanya mafiga, akayabeba kwenye karai mbele ya majirani wote. Akayatua miguuni pa yule mtu. "Ni haya tu, bwana. Usinipige picha ya mwizi."

Yule mtu akainama. Akayakumbatia yote matatu, masizi yakaila kanzu yake nyeupe, akamfuata Mama mpaka jikoni, macho chini, akapiga magoti na kuyapanga tena yawe mafiga.

Mama naye hakujua atazame wapi. "Haya, nenda ukapige picha zako," akamwambia.

Yule mtu akavitazama viganja vyake vyeusi. "Samahani, mama," akasema, na safari hii hakuna mtoto aliyecheka.