Kidole Si Chanzo

Asubuhi alikuwa machinjioni, koti jeupe hadi magotini, akikagua nyama na kugonga muhuri wa zambarau kwenye mapaja ya ng'ombe. Jioni alikuwa sebuleni, miwani puani, akizigongea muhuri makala za watu. Ndiyo maana wakamwita Muhuri, na yeye badala ya kukasirika akalipenda jina.

Kazi hiyo ya jioni hakutumwa na mtu. Kuna kamusi elezo moja mtandaoni ambayo yeyote anaweza kuiandikia, na wapo wanaojitolea kupima ubora wa makala zake: hii bado changa, hii inapita, hii bora, ipewe nyota. Muhuri alijitwalia ukubwa upande wa kandanda. Na ukubwa, jamani, ukimpata asiyeuzoea! Mtu akiandika kwamba mpira ni wa duara, yeye anauliza, "Chanzo kiko wapi?" Waliohangaika wiki nzima kuandika walifutiwa kwa kubonyeza mara moja. Hata mkewe akisema gesi imeisha, alikwenda kwanza kuutikisa mtungi.

Makala aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya timu ya mji, hasa aya ya ile fainali iliyotupa kombe letu la kwanza na la mwisho. Tulikuwa tunaongoza kwa bao moja, mechi inakwisha, wageni wakapewa penalti. Makala ilisema: "Mpira uligonga mwamba wa goli."

Sasa kipa wa siku ile alikuwa baba mkwe wake mwenyewe. Mzee aliishi nao, chumba cha uani, na vidole viwili vya mkono wa kulia vilikuwa vimepinda, hata kijiko havikishiki sawasawa. Penalti ile aliipangua yeye, vidole vikavunjika, akamalizia mechi hivyo hivyo. Miaka yote hakumdai mtu sifa. Lakini uongozi wa timu ulipotangaza kwamba makala ikipata nyota, aya ile itaandikwa kwa herufi kubwa kwenye ukuta wa uwanja, mzee alitoka chumbani akaja kuketi sebuleni.

"Mkwe wangu, sijawahi kukuomba kitu," akasema. "Irekebishe hiyo aya. Mpira niliutoa mimi."

"Baba, nakuheshimu sana. Lakini chanzo kiko wapi?"

Mzee akauweka mkono mezani. "Kwani hivi vidole vilivunjwa na mwamba?"

"Kidole si chanzo, baba."

Mwenye macho haambiwi tazama, walisema wahenga. Wahenga hawakubahatika kumjua Muhuri.

Mkewe akaacha viazi alivyokuwa akimenya. "Unamwita baba yangu mwongo?"

"Sijasema mwongo. Nimesema hana rejea. Gazeti la mwaka jana limeandika mwamba, na mimi nafuata gazeti. Isitoshe, siku ile nilikuwepo."

Kuwepo kwenyewe! Alikuwa nje ya ukuta, hana tiketi. Alisikia kishindo, akamuuliza jamaa aliyeparamia ukutani kumetokea nini, jamaa akajibu, "Mwamba!" kisha akateleza akaanguka. Hilo Muhuri alilimeza, hakulitamka.

Nyota ikatoka. Makala aliipima yeye, akaipitisha yeye, akajipongeza yeye. Mwandishi wa lile gazeti akaja kumhoji nyumbani. Sebule ilipigwa deki, mzee akaketi karibu na dirisha, na Muhuri akavaa koti lake la harusi, ambalo kifungo kilikuwa kimeshakata tamaa.

"Kabla hujaniuliza mimi, nikuulize wewe," Muhuri akaanza kwa madaha. "Ile habari yenu ya mwamba mliipata wapi? Nataka watu wa nyumba hii wasikie."

Mwandishi akacheka. "Wapi tena, bwana? Si kwenye makala yenu! Nilijua imeshapimwa."

"Na kwenye makala aliiandika nani?" akauliza mke.

Kamusi ile huhifadhi kila badiliko pamoja na jina la aliyelifanya. Mwandishi akashika simu, akarudi nyuma hadi mwanzo kabisa, akasoma: "Mpira uligonga mwamba wa goli. Ameandika Muhuri."

Haya! Mtu wa ukutani kamwambia Muhuri, Muhuri kaiambia makala, makala ikaliambia gazeti, na gazeti likarudi kumtolea ushahidi Muhuri.

Muhuri akavua miwani. "Hakijaharibika kitu," akasema. "Mhoji baba sasa hivi. Mkishachapisha gazetini nitakuwa na chanzo, nitarekebisha." Akamgeukia mzee. "Baba, mwambie. Tafadhali."

Mwandishi akaiweka simu mbele ya mzee ianze kurekodi. Mke wa Muhuri aliuona mdomo wa baba yake ukifunguka. Mzee alitaka kusema, alitaka mno, maana umri wote ule alikuwa akingoja kuulizwa. Lakini si kuulizwa kwa sababu mkwe ameumbuka mbele ya mgeni. Iliuma.

"Muulize mkwe wangu," akasema. "Yeye ndiye aliyekuwepo. Mimi nina vidole tu." Akainuka akaenda zake chumbani.

Wiki iliyofuata, Muhuri akitoka machinjioni na koti lake jeupe, alimkuta mchora maandishi juu ya ngazi, ukutani mwa uwanja. Neno "uligonga" lilikuwa limeshakauka.

"Fundi, simama! Hiyo si kweli. Penalti aliipangua kipa, ni baba mkwe wangu!"

Fundi hata hakugeuka. Alichovya brashi, akaanza kuchora herufi ya kwanza ya "mwamba".

"Bwana, hii imepimwa na wataalamu, ina nyota," akasema. "Wewe umeyatoa wapi hayo? Sogea kidogo, usije ukachafuka."

Muhuri akasogea.