Ng'ombe wa Saruji wa Njia Panda ya Minjila

Kwa miaka kumi na moja kazi yangu ilikuwa kutengeneza samaki. Nilikuwa fundi wa saruji Malindi, na ukiona lango la hoteli lenye pomboo wawili wanaobusiana, usiulize, ni mkono wangu. Nimejenga ngazi iliyojikunja mithili ya kombe, na baa yenye paa jeupe la duara ambayo wageni waliipiga picha kabla hata hawajaagiza soda. Nilijiona bingwa, na sitaki kudanganya, mpaka leo najiona.

Lakini nilikuwa nimechoka kuwa mbali. Mama yangu anaishi Minjila, analima ndizi na mpunga peke yake, na kila nikimpigia simu ananiambia yuko sawa kwa sauti ya mtu ambaye hayuko sawa. Kamati ya wafanyabiashara wa kwetu iliponiita nitengeneze sanamu ya kupamba njia panda, na kuongeza kwamba kazi ikipendeza ziko nyingine, nilitia mwiko na tindo kwenye mfuko siku hiyo hiyo. Hoteli moja Malindi ilinishikia nafasi yangu mpaka mwisho wa mwezi. Nikifaulu, nabaki nyumbani. Nikiboronga, narudi kwa pomboo.

Kamati ilitaka ng'ombe. Mimi ni Mpokomo, mtoto wa shamba. Ng'ombe nilimjua zaidi kwa kumfukuza kwenye mahindi. Nikamkuta mmoja mweupe akinywa maji karibu na daraja, pembe zimesimama vizuri, nikampiga picha kila upande. Nikasuka nondo, nikavisha wavu wa kuku, nikapaka saruji tabaka kwa tabaka. Nilimwiga kwa kila kitu: nundu, kwato, hata mkato mdogo wa sikio la kushoto, ambao niliuona pambo zuri sana. Mkato ule ulinichukua asubuhi nzima.

Jumatatu nilipoondoa turubai, wa kwanza kuja alikuwa mama wa Kiorma anayeuza maziwa pale njia panda. Aliizunguka sanamu mara mbili, kidumu mkononi, akasimama kwenye sikio.

"Hii ng'ombe ni ya nani?"

"Ya kila mtu, mama. Ni sanamu."

"Hapana. Iko na mwenyewe." Akaweka kidole kwenye mkato. "Hii alama ni ya mzee mmoja wa Chewele na watu wake. Mimi najua."

Mimi nilicheka, yeye hakucheka. Kufikia adhuhuri wafugaji walikuwa wamejaa pale, kila mmoja akitazama sikio kwanza, na swali likawa moja: kwa nini ng'ombe wa familia moja asimamishwe katikati ya njia ya watu wote? Mwenyekiti wa kamati, mwanamama mwenye duka la vifaa vya ujenzi, alikuja akihema. Akaniambia nitengeneze jambo kabla Ijumaa haijaisha, la sivyo sanamu ivunjwe.

Nikaona dawa ni rahisi. Nikachanganya saruji kidogo, nikauziba mkato, nikalisugua sikio mpaka likawa laini. Kesho yake mama wa maziwa alilitazama lile doa bichi, akaziba mdomo kwa ncha ya mtandio. Mabega yake yalikuwa yanatikisika kwa kicheko.

"Umefanya nini? Mtu anaharibu alama ya sikio ni mwizi. Sasa ng'ombe yako imekuwa ya wizi."

Habari hiyo ilifika mjini Garsen kabla yangu. Kinyozi alinikatalia kiti, eti hanyoi wezi wa mifugo. Wote waliokuwa pale walicheka, na mimi nilikasirika kweli. Miaka yote ile Malindi hakuna aliyewahi kuniuliza pomboo ni wa nani. Usiku sikulala. Niliona aibu, na nilimwonea mama yangu huruma zaidi, kwa sababu alikuwa ameshanisafishia chumba.

Asubuhi nilikwenda na nyundo kuivunja sanamu. Mama wa maziwa akaniambia niiweke chini, akapiga simu, akaongea Kiorma kwa muda mrefu, akakata.

"Ngoja Ijumaa. Mwenyewe anakuja."

Alikuja baada ya swala, mzee mrefu mwenye fimbo, pamoja na wanawe wawili. Watu walizunguka njia panda yote, wafugaji na wakulima, mama yangu akiwa mbele na jembe lake. Mzee alipapasa lile sikio lililozibwa, akaniamuru nilifungue. Nikachukua tindo, nikaurudisha mkato mbele ya umati. Alipouona umekaa sawasawa, akawageukia watu.

"Ilikuwa yangu. Leo nimetoa. Kila mtu anapita hapa, ni yake. Alama ikae, watu wajue nani alitoa."

Kwa Waorma, ng'ombe akitolewa mbele ya mashahidi, maneno yamekwisha. Mama wa maziwa alimimina maziwa mgongoni mwa sanamu kuibariki, na waliokuwa wakibishana tangu Jumatatu wakaanza kupiga picha nayo.

Nilidhani tumemaliza. Lakini mzee alikuwa amechutama, anakagua tumbo. Hapo niseme ukweli: nondo zangu zilikuwa zimepinda, na nilijazia saruji kuficha kosa, tumbo likafura.

"Iko na mimba?" akauliza.

Nilimtazama mwenyekiti, nikamtazama mama yangu.

"Iko," nikasema.

"Ya miezi mingi," mzee akasema, akainuka akijipangusa magoti. "Huyu fundi asiende mbali."

Mwenyekiti alicheka mpaka akashika kiuno, akasema basi ndama awe amesimama pale kabla ya mvua, na baada ya ndama kuna ukuta wa soko. Mama yangu alinishika mkono mbele ya watu wote, kama mtoto anayevushwa barabara, tukaenda nyumbani.