Fundi Futi na Anemoni Aliyefumuka

Fundi Futi alipewa jina hilo kwa sababu utepe wa kupimia haukumtoka shingoni. Hata akienda kuoga ilibidi akumbushwe kuuvua. Alishona suti za wanaume katika chumba cha mbele cha nyumba yake, na mtaani hakuwa na mpinzani. Ukimpa kitambaa, alikipanga kikapangika. Aliyemshinda ni anemoni.

Anemoni, kwa asiyemjua, ni mnyama wa baharini mwenye sura ya ua: vidole laini tele juu, na mguu mmoja chini wa kushikilia jiwe. Fundi alimfuga wake sebuleni, ndani ya tangi la kioo lenye maji ya chumvi, mawe, taa kali na pampu ya kuzungusha maji. Alimtaka akae mbele, katikati, mkabala na kochi. Mwenyewe hakutaka. Kila akiwekwa hapo, alijikokota taratibu hadi nyuma ya mawe. Fundi akamwekea alama kwenye kioo kwa chaki yake ya kushonea, utadhani mnyama yule alisomea ushonaji. Siku alipomwona anaisogelea pampu, roho ilimruka. Alinyofoa sponji ya bega kwenye koti la mteja, akaivisha pampu mdomoni isije ikamvuta ikamsaga. Mteja alilipokea koti bega moja juu, jingine limelala, akaambiwa huo ndio mtindo wa sasa.

Mkewe alikuwa ameshachoka.

"Baba watoto, taa inatuchoma, pampu inatupigia kelele, na huyo bibi yako hata uso hatuonyeshi. Mama anakuja kutusalimia. Akisema tangi liondoke, linaondoka."

Fundi alinywea. Mama mkwe alikuwa mkunga mstaafu, mtu wa maneno machache, na tangu ndoa ifungwe hajamsifu kwa lolote. Na tangi lile alilipenda. Wateja wakimtia kichaa kutwa nzima, alikuja kukaa mbele yake akapumua. Hakuwa na kingine nyumbani kilichokuwa chake peke yake.

Mama mkwe akaja, akaketi kwenye kochi, mkoba mapajani.

"Huyo ni nani?"

"Anemoni, mama. Ni mnyama."

"Mbona yuko hivyo?"

Fundi akageuka. Kwa mara ya kwanza anemoni alikuwa amekuja mwenyewe mbele, katikati kabisa, lakini amevutika huku na huku kama shuka inayogombewa na watu wawili, na katikati pameanza kuachia.

"Amefumuka!" akapiga yowe.

Mikono ikafanya ilichozoea. Alitoka mbio hadi cherehani, akarudi na sindano yenye uzi wa zambarau, maana hata katika balaa lile hakukubali rangi zisizooana. Akakunja shati, akazamisha mkono hadi kiwikoni.

"Toa mkono!" Mama mkwe alisimama, mkoba ukaanguka. Sauti hiyo iliwahi kunyamazisha wodi nzima. "Unamshona mzazi?"

"Anachanika, mama! Anakufa!"

"Hebu mtazame. Huku ameshika jiwe, kule ameshika jiwe. Anayekufa hajipangi hivyo. Huyu anajigawa. Punguza taa, na asimguse mtu."

Wakakaa bega kwa bega, chakula kikapoa mezani. Kile kipande cha katikati kikawa chembamba, kikazidi kuwa chembamba, kikakatika. Wakawa wawili. Fundi alilia waziwazi, hakuona haya. Mama mkwe naye alijifuta macho kwa ncha ya kitambaa chake cha kichwani. Tangu astaafu, hakuna aliyemwita kwenye uzazi.

Mkewe alisimama mlangoni, mikono kiunoni. "Mama, sema basi. Liondoke?"

"Liende wapi? Unamfukuza mzazi na kichanga chake?"

"Asante, mama," Fundi akasema, nusura ambusu mkono.

"Usinishukuru. Mtu mwepesi wa sindano kama wewe haachiwi hawa peke yake." Akamgeukia bintiye. "Wapigie nyumbani, waambie wasiningoje. Nitandikie hapa hapa kwenye kochi. Nakaa mpaka wakue."

Mkewe akamkazia mumewe macho. "Kwani wanachukua muda gani kukua?"

Fundi Futi alijua fika kwamba anemoni akitunzwa vizuri anaweza kumzika anayemfuga.

"Hawachelewi," akasema.